Theluji barabara ya N3: Mwongozo kwa madereva na wenye mizigo kati ya Durban na Johannesburg

Madereva wa malori kutoka Afrika Mashariki, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo wanaochukua mizigo katika bandari ya Durban wamezoea joto, vumbi, mvua na matope. Theluji ni jambo ambalo wengi wao hawajawahi kuliona kwa macho. Hata hivyo, barabara kuu ya N3 inayotoka Durban kwenda Johannesburg hupita juu ya milima ya Drakensberg, na katika miezi ya baridi theluji huweza kuanguka huko. Miaka mingi huwa kidogo na huyeyuka mapema. Miaka mingine huwa nyingi kiasi cha kufunga barabara na kuwaacha watu usiku kucha ndani ya magari.

Makala hii inaeleza hatari iliyopo, maandalizi ya gari na dereva, namna ya kuendesha, la kufanya gari likikwama, na hesabu ambayo mwenye mzigo anapaswa kuifanya kabla ya kupiga simu ya kuuliza lori limefika wapi. Jambo la msingi ni kwamba theluji kubwa hutabiriwa siku kadhaa kabla. Uamuzi unaookoa maisha hufanyika chini ya mlima, kabla lori halijaanza kupanda, na dereva hawezi kuachiwa uamuzi huo peke yake.

BARABARA YENYEWE

N3 ni njia kuu ya mizigo ya Afrika Kusini. Huanzia Durban, usawa wa bahari, na kuishia Johannesburg, jiji lililo zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Urefu wake ni karibu kilomita 580. Sehemu ya takriban kilomita 415 kati ya Cedara, katika jimbo la KwaZulu-Natal, na Heidelberg, katika jimbo la Gauteng, huendeshwa na kampuni ya N3 Toll Concession inayotoza ushuru wa barabara.

Karibu katikati ya safari hiyo ndipo ulipo mlima wa Van Reenen. Hapo barabara hupanda ukingo wa Drakensberg kutoka KwaZulu-Natal na kuingia jimbo la Free State, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700. Baada ya mlima unafuata mji wa Harrismith wenye vituo vikubwa vya kuegesha malori, kisha Warden na Villiers. Sehemu hii ya juu ni tambarare na wazi, na upepo huvuma bila kizuizi. Dereva asidhani kwamba akishamaliza kupanda Van Reenen hatari imekwisha, kwa kuwa theluji inayopeperushwa na upepo huweza kufunika lami hata mahali pasipo na mteremko.

Kwa wafanyabiashara wa nchi jirani, njia hii ni mlango wa kuagizia kontena, mashine za migodi, vipuri na magari yaliyotumika kutoka Japani ambayo hupita tu Afrika Kusini. Kutoka Johannesburg mizigo huelekea mpaka wa Beitbridge na Zimbabwe, au Botswana na kuvuka daraja la Kazungula lililofunguliwa Mei 2021. Kutoka hapo huenda Lusaka, Kasumbalesa na Lubumbashi, au Nakonde na Tunduma. Lori lililokwama Van Reenen ni mzigo unaosubiriwa Lubumbashi.

YALIYOTOKEA SEPTEMBA 2024

Ijumaa ya tarehe 20 Septemba 2024 theluji ilianza kuanguka kwa wingi katika eneo la Harrismith, Warden na Van Reenen. Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Kusini ilikuwa imetoa tahadhari kabla. Pamoja na hayo, magari mengi yalikuwa barabarani, kwa kuwa Jumanne ya tarehe 24 ilikuwa sikukuu ya taifa na watu wengi walikuwa wakisafiri.

Kufikia Jumamosi N3 ilikuwa imefungwa katika sehemu hiyo. Malori yalishindwa kupanda, mengine yakaserereka na kuziba njia, na magari madogo yakakwama kati yake. Kulikuwa na watu waliokaa ndani ya magari kwa zaidi ya saa 24. Mji wa Harrismith ulikosa umeme. Mtu mmoja aliyekuwa amekwama karibu na Van Reenen alifariki kwa kile kilichoonekana kuwa ni kupoteza joto la mwili. Magreda yalitumika kusukuma theluji ili njia ifunguke.

Mambo mawili yanafaa kuzingatiwa. Kwanza, theluji hiyo ilianguka mwishoni mwa Septemba, wakati watu wengi walikwisha kuhesabu kwamba baridi imepita. Pili, kilichofunga barabara si theluji peke yake. Lori moja linaloserereka na kulala kwa kukingama barabara huwazuia wote walio nyuma yake, pamoja na magreda na magari ya wagonjwa.

Tukio hilo halikuwa la kwanza. Agosti 2012 theluji ilianguka katika majimbo yote tisa ya Afrika Kusini. Julai 2023 ilianguka hata Johannesburg, jiji ambalo lilikuwa halijaiona tangu mwaka huo wa 2012.

MSIMU NA DALILI ZAKE

Baridi ya kusini mwa Afrika huja wakati mmoja na kipupwe cha pwani ya Afrika Mashariki, yaani Juni, Julai na Agosti. Theluji huweza pia kuanguka Septemba na hata mapema Oktoba. Mara nyingi huletwa na mfumo wa hewa ya baridi kali ya anga za juu ambao hukatika kutoka ukanda wake wa kusini na kukaa juu ya nchi kwa siku moja au zaidi. Mfumo huo unapokutana na unyevu kutoka bahari ya Hindi, milimani huanguka theluji na mabondeni mvua kubwa. Juni 2025 hali ya aina hiyo ilileta theluji milimani na mafuriko yaliyoua watu wengi katika eneo la Mthatha, jimbo la Eastern Cape.

Idara ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari kwa ngazi kuanzia 1 hadi 10. Rangi ya njano ni ngazi za chini, ya machungwa ni ngazi za kati, na nyekundu ni ya juu kabisa. Ngazi hizo hazipimi kina cha theluji peke yake. Huangalia madhara yanayotarajiwa na uwezekano wa kutokea kwake. Kwa lori lenye tela, tahadhari ya machungwa ya theluji inayotaja Van Reenen, Harrismith au Warden inatosha kuahirisha safari.

Dereva aliyetoka Lubumbashi hawezi kujua siku ya kuondoka hali itakuwaje Van Reenen siku kadhaa baadaye. Kwa hiyo hali ya hewa iangaliwe upya katika kila kituo cha uamuzi. Kwa anayekwenda kusini, vituo hivyo ni Beitbridge, Johannesburg, Villiers, Warden na Harrismith. Kwa anayerudi kaskazini ni Durban, Mooi River, Estcourt na eneo la Ladysmith. Akishapita kituo cha ushuru cha Tugela na kuanza kupanda, nafasi ya kugeuza lori refu ni ndogo sana.

MAANDALIZI YA GARI

Malori mengi ya ukanda wa joto huandaliwa kwa ajili ya joto. Baridi hutafuta udhaifu tofauti.

Maji ya rejeta. Kuna malori yanayotumia maji matupu. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9 na huweza kupasua rejeta au injini yenyewe. Kabla ya kuingia Afrika Kusini miezi ya baridi, maji yatolewe na kuwekwa mchanganyiko wa dawa ya kuzuia kuganda na maji safi. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu unatosha kabisa kwa baridi ya Drakensberg.

Breki za upepo. Unyevu uliokusanyika katika matangi ya upepo huganda na kuziba valvu. Matangi yamwagwe maji kila siku, na kichujio cha kukaushia upepo kibadilishwe kikiwa kimechakaa. Lori likilala usiku wa baridi na breki zikiwa zimelowa, breki ya kuegesha huweza kuganda na kukataa kuachia asubuhi. Mahali palipo tambarare na salama, magurudumu yawekewe vigingi.

Dizeli. Katika baridi kali dizeli hutoa nta inayoziba kichujio, na injini hupoteza nguvu wakati wa kupanda. Dizeli iliyonunuliwa sehemu za joto huathirika mapema zaidi kuliko ile inayouzwa Afrika Kusini wakati wa baridi. Ni vizuri matangi yajazwe ndani ya Afrika Kusini kabla ya kufika mlimani, na yasishuke chini ya nusu. Kuchanganya mafuta ya taa hakufai. Mafuta hayo huharibu pampu za injini za kisasa, na Afrika Kusini huyatia alama ili wachanganyaji wagundulike.

Matairi. Tairi kipara halina la kufanya kwenye theluji. Meno yanahitaji kina cha kutosha, hasa kwenye magurudumu ya kusukuma. Minyororo ya matairi haitumiki sana Afrika Kusini na dereva asitegemee kuipata njiani.

Betri, taa na waipa. Betri dhaifu inayowasha gari Kapiri Mposhi huweza kushindwa Harrismith saa kumi na moja alfajiri. Taa zote za tela zifanye kazi. Maji ya waipa yawe na dawa ya kuzuia kuganda.

Mzigo. Lori tupu au lenye mzigo mwepesi huserereka haraka zaidi, kwa sababu hakuna uzito wa kukandamiza magurudumu ya kusukuma. Dereva anayerudi tupu asijione yuko salama zaidi ya mwenzake aliyebeba.

VITU VYA KUWEKA KWENYE KEBINI

Vifuatavyo havichukui nafasi kubwa na vinaweza kununuliwa Johannesburg au Durban:

- Blanketi mbili nzito kwa kila mtu, koti, soksi za sufu, glavu na kofia
- Nguo kavu za kubadili, zikiwa ndani ya mfuko wa plastiki
- Maji ya kunywa na chakula kisichohitaji kupikwa, cha siku mbili
- Chupa ya chai inayotunza joto
- Tochi, chaja ya simu na betri ya akiba
- Koleo, na mfuko wa mchanga au changarawe wa kumwaga mbele ya magurudumu
- Dawa ambazo dereva au tingo hutumia kila siku
- Laini ya simu ya Afrika Kusini yenye salio

Koti na blanketi hazitakiwi kukaa kwenye boksi la nje la tela. Mlango wa boksi huweza kuganda, na kutoka nje usiku kwenye upepo ni hatari yenyewe.

NJIANI

Katika barabara iliyolowa lori huhitaji nafasi ya kusimama kama mara mbili ya barabara kavu. Kwenye barafu nafasi hiyo huweza kufika mara kumi. Mwendo unaoruhusiwa kwa magari yenye uzito unaozidi kilo 9,000 Afrika Kusini ni kilomita 80 kwa saa, lakini hicho ni kiwango cha barabara kavu. Kwenye theluji mwendo sahihi ni ule unaomwezesha dereva kusimama taratibu bila kukanyaga breki kwa nguvu.

Barafu mbaya kuliko zote ni ile nyembamba isiyoonekana, ambayo huifanya lami ionekane imelowa tu. Hutokea kwanza juu ya madaraja na mahali penye kivuli, hasa usiku na alfajiri. Dalili yake ni usukani kuwa mwepesi ghafla na kelele za matairi kupungua. Dereva akigundua hivyo, aondoe mguu kwenye mafuta polepole, ashike usukani ulionyooka na asikanyage breki mpaka matairi yashike tena.

Aliyezoea kuteremka Kitonga, mkoani Iringa, amefundishwa gia ndogo na breki ya injini. Gia ndogo inabaki sahihi na ichaguliwe kabla ya mteremko kuanza. Breki ya injini na ritada ndizo zinazogeuka kuwa adui. Hushika magurudumu ya kusukuma ya kichwa cha lori peke yake, na kwenye barafu magurudumu hayo hufunga. Tela linaendelea kusukuma kutoka nyuma, kichwa kinageuka upande, na lori linajikunja na kuziba njia zote. Kwenye barafu vifaa hivyo vizimwe. Breki ya mguu itumike kidogo kidogo ili magurudumu yote, pamoja na ya tela, yasaidiane.

Wakati wa kupanda, dereva aache nafasi kubwa mbele yake ili asilazimike kusimama katikati ya mlima. Lori lililosimama kwenye mteremko wenye theluji mara nyingi haliwezi kuondoka tena. Magurudumu yakianza kuzunguka bure, kukanyaga mafuta zaidi huyeyusha theluji na kutengeneza barafu chini yake. Kufuli ya difu iwekwe mwendo ukiwa mdogo na njia ikiwa imenyooka, na iondolewe kabla ya kona.

Kulipita gari lingine mlimani wakati wa theluji hakuna faida yoyote. Njia ya kulia huachwa wazi kwa ajili ya magreda, polisi na magari ya wagonjwa. Mwaka 2024 kazi ya uokoaji ilicheleweshwa na magari yaliyozagaa katika njia zote.

GARI LIKIKWAMA

Dereva asogeze lori kushoto kadiri inavyowezekana, awashe taa za hatari, kisha apige simu na kutaja mahali alipo. Kando ya N3 kuna vibao vidogo vinavyoonyesha namba ya barabara, sehemu na kilomita. Kusoma namba hizo kwa simu husaidia waokoaji kuliko kusema "niko mlimani".

Baada ya hapo kanuni ya kwanza ni kubaki ndani ya gari. Kebini huzuia upepo na huonekana kwa urahisi. Mtu anayetembea kutafuta msaada kwenye theluji hupoteza joto haraka, hupotea njia, na huweza kugongwa. Kebini ya lori ni kubwa kuliko gari dogo, na dereva anaweza kuokoa maisha kwa kuwakaribisha watoto au wazee waliokwama karibu naye.

Hatari ya pili baada ya baridi ni sumu ya moshi. Jiko la mkaa, jiko la mafuta ya taa au la gesi lisiwashwe kamwe ndani ya kebini iliyofungwa. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na huua mtu akiwa usingizini. Wengi wanakumbuka habari za familia zilizokutwa zimekufa nyumbani baada ya kulala na jiko la mkaa. Kebini ni ndogo kuliko chumba, na gesi huijaza mapema zaidi.

Gesi hiyo hiyo hutoka kwenye bomba la moshi la gari. Theluji ikifunika bomba, moshi hurudi ndani. Kwa hiyo kabla ya kuwasha injini ili kupata joto, eneo la bomba lisafishwe kwa koleo. Injini iwashwe kama dakika kumi kila saa, dirisha la upande usio na upepo likiwa limefunguliwa kidogo, na watu wote wasilale kwa wakati mmoja. Kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu ni dalili za sumu hiyo. Mwenye dalili hizo apelekwe penye hewa safi mara moja na injini izimwe.

Dalili za mwili kupoteza joto ni kutetemeka sana, maneno kuwa mazito kama ya mlevi, mikono kukosa nguvu, usingizi na kuchanganyikiwa. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 maisha yako hatarini. Mgonjwa anayeacha kutetemeka huku akiwa bado na baridi hajapona, bali hali yake imezidi kuwa mbaya. Avuliwe nguo zilizolowa, avalishwe kavu, afunikwe blanketi pamoja na kichwa, na apashwe joto kifuani na shingoni kwa kukaliwa karibu na mtu mwingine. Kama ana fahamu zake apewe chai yenye sukari. Mikono na miguu isisuguliwe.

Pombe haifai. Humfanya mtu ajisikie ana joto kwa sababu damu hukimbilia kwenye ngozi, na joto la ndani hupotea kwa kasi zaidi.

NJIA MBADALA

N3 ikifungwa, ushawishi wa kutafuta njia ya mkato huwa mkubwa. Njia nyingi za karibu hazisaidii. Barabara ya R74 kupitia Bergville na mlima wa Oliviershoek hupanda Drakensberg ileile. N11 kupitia Newcastle na Volksrust hupita Laing's Nek, ambako pia theluji huanguka.

Njia iliyo mbali zaidi na milima hiyo hufuata N2 kutoka Durban kwenda kaskazini kupitia Richards Bay hadi Pongola, kisha Piet Retief na Ermelo, na kuingia Johannesburg kwa N17. Ni ndefu na huongeza gharama ya mafuta. Hali yake iangaliwe kabla ya kuifuata, kwa kuwa theluji kubwa huweza kufika hata Ermelo, na mvua inayoambatana na mifumo hiyo huharibu barabara za pwani.

Kwa mizigo iliyo bado kwenye mpango, mwagizaji anaweza kufikiria bandari nyingine kwa miezi ya Juni hadi Septemba. Maputo huunganishwa na Gauteng kwa N4 kupitia mpaka wa Lebombo. Dar es Salaam hufika Zambia na Katanga bila kukutana na theluji kabisa. Kila njia ina hatari zake. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Msumbiji wa Oktoba 2024 zilifunga mpaka wa Lebombo mara kadhaa, na foleni za Tunduma zinajulikana. Hivyo hali ya hewa ni kigezo kimoja kati ya vingi.

LESOTHO

Wanaopeleka mizigo Lesotho wanahitaji tahadhari kubwa zaidi, kwani nchi nzima iko juu ya mita 1,000. Barabara ya kaskazini kwenda Mokhotlong, inayohudumia mgodi wa almasi wa Letšeng, hupanda mlima wa Moteng wenye zaidi ya mita 2,800 na kisha Mahlasela wenye zaidi ya mita 3,200. Theluji na barafu huko ni jambo la kawaida wakati wa baridi. Njia ya Sani kutoka KwaZulu-Natal si ya malori.

HESABU YA MWENYE MZIGO

Mara nyingi dereva hupanda mlima akiwa amesikia tahadhari, kwa sababu analipwa kwa safari na kila siku ya kusubiri inapunguza kipato chake. Mwenye lori ana mkopo wa benki, na mwenye mzigo ana mteja anayesubiri. Kila mmoja anamsukuma mwenzake, na mwisho wa mnyororo ni mtu mmoja mwenye usukani.

Gharama za kusubiri siku mbili Harrismith au Estcourt zinajulikana mapema. Kuna maegesho, posho ya dereva na tingo, na siku za ziada za kontena. Gharama za kukwama mlimani hazina kikomo kinachojulikana. Kuna kuvutwa kwa lori, matengenezo, mzigo kuharibika, na siku zilezile za kusubiri ambazo mtu alitaka kuziepuka. Aidha, lori lililopita kizuizi cha polisi na kisha kupata ajali huweza kuzua ubishi na kampuni ya bima. Uhai wa mtu hauna bei katika hesabu hiyo.

Wasafirishaji wanashauriwa kuandika mambo manne katika mikataba yao. Kwanza, dereva ana haki ya kusimama hali ya hewa ikiwa mbaya, na hatakatwa fedha. Pili, posho ya siku za kusubiri italipwa na ijulikane ni kiasi gani. Tatu, adhabu ya kuchelewa haitatozwa barabara ikiwa imefungwa na mamlaka. Nne, ijulikane ni nani anayelipa siku za ziada za kontena.

Hati za mizigo inayopita nchi moja kwenda nyingine zina muda wake. Lori likichelewa, wakala wa forodha ajulishwe siku hiyohiyo, na ushahidi uhifadhiwe: tangazo la kufungwa kwa barabara, risiti za maegesho na mafuta, na picha. Maelezo yanayotolewa baada ya muda kuisha hupokelewa kwa shida.

NAMBA ZA SIMU NA MUHTASARI

Msaada na hali ya barabara ya N3 kati ya Cedara na Heidelberg: 0800 63 4357, saa 24. Dharura kwa simu ya mkononi, hata bila salio: 112. Polisi: 10111. Magari ya wagonjwa: 10177. Namba hizi ni za kupigwa ndani ya Afrika Kusini.

Kwa kifupi:

- Kuanzia Juni hadi mapema Oktoba, hali ya hewa iulizwe katika kila kituo cha uamuzi
- Tahadhari ya machungwa au nyekundu ya theluji, lori lisimame chini ya mlima au mjini
- Maji ya rejeta, matangi ya upepo, dizeli na matairi vikaguliwe kabla ya kuingia Afrika Kusini
- Kwenye barafu, breki ya injini izimwe na mwendo uwe mdogo
- Gari likikwama, watu wabaki ndani, wajifunike, na moto usiwashwe kwenye kebini
- Mwenye mzigo akiambiwa dereva amesimama kwa sababu ya theluji, ampigie wakala wa forodha na mteja wake, asimpigie dereva kumharakisha